Mrejesho: Stendi ya maikrofoni nimeshaipata

Ndugu zangu, niliomba ushauri wenu kuhusu stendi yenye mkono mrefu itakayobeba Shure SM7B, maikrofoni yenye uzito wa gramu 765 hivi, katika studio yangu ndogo ya nyumbani, kwa kuwa stendi ya zamani ilikuwa ikishuka polepole katikati ya kurekodi. Nawaletea mrejesho, pamoja na shukrani za dhati.

Nimechukua K&M 210/9 ya miguu mitatu, inayotengenezwa Ujerumani. Aliyenihimiza nikague kiungo cha mkono kabla ya kuuliza bei alinisaidia kuliko wote, maana katika stendi nyingi za bei nafuu kiungo hicho ni cha plastiki na huchakaa kadiri unavyokikaza, ilhali hiki hushika kwa kukazwa kidogo tu na mkono hubaki pale pale nilipouacha.

Mkono ukielekezwa juu ya mguu mmojawapo, badala ya kuachwa kati ya miguu miwili, stendi haielekei kupinduka. Hata hivyo nimening'iniza mfuko mdogo wa mchanga kwenye ncha ya nyuma ya mkono, na ninamsihi kila mwenye maikrofoni nzito afanye hivyo. Nyuzi za skrubu za stendi ni za inchi 3/8 na za maikrofoni ni 5/8, lakini adapta ya kuziunganisha huja pamoja na maikrofoni yenyewe.

Kilichobaki ni mtetemo wa sakafu mtu anapopita karibu, nao nitaupunguza kwa kutandika zulia nene chini ya miguu ya stendi.