Mrejesho: Tanki kuukuu la dizeli, Mafinga

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kuondoa tanki la jenereta lililobaki na dizeli nyuma ya nyumba yetu. Mafuta safi ya juu yalinyonywa kwa pampu ya mkono, yakachujwa, akayachukua jirani mwenye trekta. Ya chini, yaliyochanganyika na maji na tope, yamo katika pipa lenye mfuniko, yakisubiri mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Fundi alitaka kulikata tanki kwa gesi papo hapo. Nilikataa kabisa, kwa kuwa mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka hata tanki likionekana tupu. Limeondoka zima. Udongo uliolowa dizeli nao tumeuzoa, maana kisima chetu kiko upande wa bondeni.