MJADALA: Idadi ya watoto darasani ni hoja au si hoja?

Mwalimu, Kayole:
Hamjambo wenzangu. Likizo iliyopita kwenye semina, mwezeshaji alituambia tuache kulialia kuhusu msongamano. Eti utafiti wa kimataifa umeshamaliza kesi: hoja ni ufundi wa mwalimu, si idadi. Nilinyamaza kwa heshima. Hapa sinyamazi.

Jaribio linalotajwa sana kuhusu jambo hili ni la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza 1985. Darasa dogo lilikuwa na watoto 13 hadi 17, lile kubwa 22 hadi 25. Na walio katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi! Gredi ya nne yangu imepita watoto 70. Dawati la watatu linakaliwa na watano. Wa mwisho anaegemeza daftari kwenye goti. Nikianza kusahihisha kutoka mlangoni, kengele hulia sijafika dirishani, na wa dirishani wameshazoea. Hilo darasa kubwa la Tennessee nipewe hata leo.

Mzazi, Umoja:
Pole mwalimu, lakini tusiishie Marekani. Hapa hapa Magharibi mwa Kenya, watafiti Duflo, Dupas na Kremer walifuatilia shule zilizopewa mwalimu wa ziada. Darasa likashuka kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44. Waliobaki na walimu wa serikali alama zao hazikupanda kwa kiwango cha maana. Waliopanda ni wale wa mwalimu wa kandarasi, aliyeajiriwa na kamati ya shule kwa robo ya mshahara. Sasa nyinyi wa kudumu mlikuwa wapi?

Mwalimu mwanagenzi wa JSS (sekondari ya chini):
Robo ya mshahara! Sasa nimejua kwa nini wakubwa wanaupenda huo utafiti.

Mwalimu, Kayole:
Mzazi, swali lako ni la haki. Utafiti huo huo unasema walimu wa kudumu walilegea walipopata msaidizi, na hilo siwatetei. Ila usiishie katikati. Mpango huo ulijaribiwa tena katika mikoa yote ya Kenya, shule nyingine zikisimamiwa na shirika la World Vision, nyingine na serikali yenyewe. Kwa World Vision alama zilipanda. Kwa serikali hazikusogea. Nchi ni hii hii, kandarasi ni ile ile, msimamizi tu ndiye tofauti. Kama matokeo ya Kenya yamegoma kuhama kutoka shirika hadi wizara, ya ng'ambo yatahamia Kayole kwa slaidi za semina ya asubuhi moja?

Sipingi utafiti. Anayesema idadi si hoja aniletee jaribio la darasa la watoto 70 lililosimamiwa na serikali, nitalisoma usiku huo huo.

Mzazi, Umoja:
Sawa. Na wewe utuletee rejista ya mahudhurio ya walimu wa shule yako.