Vihisi vya bei nafuu vya chembechembe za hewani: namba zake zinaaminika kwa kiasi gani?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nafundisha sayansi na ningependa wanafunzi wangu wapime chembechembe za hewani zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Je, tutumie kioo kilichopakwa mafuta mazito au kihisi kidogo cha leza, iwapo tunataka namba ya kulinganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani?

Jibu la kwanza

Mwalimu, kioo kiacheni, kwa sababu kinachotua juu yake ni vumbi la chenga kubwa, ilhali chembe laini huendelea kuelea. Kihisi kinafaa zaidi, mradi wanafunzi waelewe kwamba hakipimi uzito wowote: feni huvuta hewa, mwanga wa leza hutawanywa na chembe zinazopita, na kifaa hukadiria uzito kutokana na mwanga huo. Chembe zilizo chini ya takriban maikromita 0.3 hakizioni vizuri. Tatizo kubwa zaidi ni unyevu, kwani chembe nyingi hufyonza maji na kuvimba, na kifaa huhesabu maji hayo kuwa uchafu.

Jibu la pili

Naongezea hapo penye unyevu. Watafiti wa shirika la mazingira la serikali ya Marekani walilinganisha vihisi vya leza vya kampuni ya PurpleAir na mitambo rasmi ya kupima hewa, wakapata kanuni hii: zidisha usomaji kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Kifaa kikisoma maikrogramu 60 kwa mita ya ujazo katika unyevu wa asilimia 70, jibu ni kama 31, yaani karibu nusu! Hata hivyo, kanuni hiyo ilitokana na hewa ya Marekani na aina hiyo ya kifaa, kwa hiyo msiiazime bila kuichunguza. Ni heri kuweka vihisi vyenu kando ya mtambo rasmi kwa wiki kadhaa, mkatengeneza kanuni yenu wenyewe.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Je, kupima uzito wa chujio kabla na baada ya kupitisha hewa hakuwezi kuchukua nafasi ya mtambo huo?

Jibu la pili

Kimsingi ndiyo njia ya rejea, ila mizani ndiyo kikwazo. Pampu ya lita 5 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 7.2 kwa saa 24. Hewa yenye maikrogramu 30 kwa mita ya ujazo itaacha maikrogramu 216 tu kwenye chujio, wakati mizani ya kawaida ya maabara ya shule, inayosoma hadi gramu 0.01, haioni chochote kilicho chini ya maikrogramu 10,000. Bila maabara yenye mizani ya kiwango cha maikrogramu, chujio halitawasaidia.

Jibu la kwanza

Kuhusu mwongozo wa 2021, wastani wa saa 24 ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wa mwaka ni 5. Kabla hamjafanya marekebisho, msitangaze kwamba kiwango kimevukwa. Linganisheni asubuhi na jioni, au sehemu mbili kwa wakati mmoja, baada ya kuhakikisha kwamba vihisi vyote vikikaa pamoja vinasoma sawa.