Pesa ya kibanda inayeyukia wapi?

Muuza mboga, Kayole:
Wenzangu, nisaidieni. Alfajiri natoka soko la Marikiti na mboga za shilingi 3,000, jioni nahesabu 3,900. Ikifika Jumamosi sina hata ya kreti ya nyanya, nakopa kwa simu. Kodi ni tarehe 5 na nimechoka kumkwepa keateka, msimamizi wa nyumba, ngazini.

Fundi cherehani, Umoja:
Dada, tafuta laini nyingine ya simu, ya pesa za biashara pekee. Unga na nauli visiguse humo. Na ule mkopo wa simu ulipe kwanza, maana ada yake hula faida kabla hujaiona.

Mama wa watoto wawili, Dandora:
Mimi natenga 200 kila jioni kabla sijafunga kibanda. Jumamosi nazifungia M-Shwari, ile akaunti ya akiba ya M-Pesa. Za chama, kikundi chetu cha kuchanga, ziko kando. Sacco nyingi, yaani vyama vya akiba na mikopo, nazo hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako.

Muuza mboga, Kayole:
Asanteni sana. Leo nimeandika kwenye daftari la mtoto: chai na mandazi 80, nauli 100, "nitakulipa kesho" 340. Hiyo ya mwisho imeniuma. Nimeorodhesha wadeni wote, kesho naanza na jirani wa juu.