Je, Ibara ya 5 ya NATO inailazimisha Marekani kuingia vitani?

Mwalimu wa Historia, Moshi
Wanajamvi, wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanashikilia kwamba, kwa kuwa NATO huhesabu shambulio dhidi ya mwanachama mmoja kuwa shambulio dhidi ya wote 32, Urusi ikiigusa Estonia basi Marekani haina hiari ila kupeleka majeshi. Mimi nina mashaka, hasa tangu Rais Trump aliposema Machi 2025 kwamba wasiolipia ulinzi wao asingewalinda. Mkataba wenyewe unasemaje?

Wakili, Arusha
Mwalimu, mashaka yako yana msingi. Mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 4 Aprili 1949 unamtaka, katika Ibara yake ya 5, kila mwanachama amsaidie aliyeshambuliwa kwa hatua atakayoiona ni ya lazima, ikiwemo nguvu ya kijeshi, na mwenye kupima ulazima huo ni yeye mwenyewe. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na waliosaidiwa ni Wamarekani. Wasomeshe pia mkataba wa ulinzi wa SADC wa mwaka 2003, uliosainiwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam: nao unaiachia kila nchi ishiriki kwa namna inayoona inafaa.

Mstaafu wa Njiro
Wakili amesoma maandishi sawasawa, lakini ahadi ya ulinzi hupimwa kwa askari waliopo mpakani. Tangu mwaka 2017 Uingereza inaongoza kikosi cha NATO kilichoko Estonia, Kanada kile cha Latvia, Ujerumani kile cha Lithuania, na Marekani kile cha Poland. Vikosi hivyo ni vidogo na peke yake haviwezi kulizuia jeshi la Urusi, ila vinahakikisha kwamba atakayevuka mpaka atapambana siku ile ile na askari wa mataifa kadhaa, na serikali zao hazitapata nafasi ya kusema jambo haliwahusu. Ukraine ilikubali kuachia silaha za nyuklia kwa hakikisho la maandishi la Budapest la mwaka 1994, lililobeba pia saini ya Urusi, na bado ikavamiwa. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ilipoona hayo ikajiunga Aprili 2023. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1978 tunakumbuka Amin alipotangaza kuwa Kagera ni yake, na jinsi Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyoshindwa hata kumlaani.

Kijana wa Sakina
Shikamoo mzee. Naomba kuongeza kwamba NATO nayo ina lawama. Mwaka 2008 kule Bucharest iliziahidi Ukraine na Georgia uanachama bila kutaja tarehe, ikaikasirisha Moscow bila kuwalinda walioahidiwa, na miezi michache baadaye vita vikazuka Georgia.

Mstaafu wa Njiro
Marahaba. Kuhusu Bucharest nakubaliana nawe kabisa, ingawa hilo halimpi mvamizi haki yoyote.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Nawashukuru sana. Je, wanachama wakitimiza lengo walilokubaliana kwenye mkutano wa NATO wa The Hague mwaka 2025 la kutumia asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi ifikapo 2035, Ulaya itaweza kujitegemea?

Wakili, Arusha
Asilimia 3.5 ndiyo ya majeshi yenyewe, 1.5 ni ya mambo kama miundombinu na ulinzi wa mitandao. Vifaru na mizinga fedha hiyo itanunua. Satelaiti za kijasusi, ndege za kujazia mafuta angani na kinga ya nyuklia, ambazo Ulaya inaitegemea sana Marekani kuzipata, ndizo zitakazochukua muda mrefu zaidi.