Usaili wa mchujo, kada ya kumbukumbu: Kiingereza kinahitajika kiasi gani?

Mwana_Ujiji (Kigoma)
Wakuu, salaam. Mdogo wangu yuko Kasulu, ana stashahada ya utunzaji kumbukumbu na ameitwa usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kuandika wa kupunguza waombaji kabla ya mahojiano. Somo lake analijua, ila Kiingereza kinamkwamisha. Zimebaki wiki tatu. Aanzie wapi? Na je, anaweza kujibu kwa Kiswahili?

Masjala_Tabora
Mkuu, barua ya maombi kwa matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira (inayosimamia ajira za utumishi wa umma) huruhusiwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hapo ndipo watu hudhani mtihani nao ni hivyo hivyo. Swali likija kwa Kiingereza ajibu kwa Kiingereza, labda karatasi iseme vinginevyo.

Wengi hawaangushwi na msamiati mgumu. Huangushwa na vineno vya ndani ya swali. Kwenye maswali ya kuchagua, NOT na EXCEPT ndiyo mauti: mtu anaona A ni sahihi, anaiweka, anasonga mbele, kumbe imeulizwa isiyo sahihi. Asome swali, ajiambie kimoyomoyo kwa Kiswahili linataka nini, ndipo atazame majibu.

Maswali ya kujieleza yana mtego mwingine. Akiambiwa "Distinguish between active and semi-active records", asiandike maana ya kila moja halafu akaishia hapo. Alinganishe hoja kwa hoja. Za kwanza hutumika mara kwa mara na hukaa masjala (ofisi inayotunza majalada), za pili huhitajika kwa nadra na huhamishiwa kituo cha kumbukumbu zikisubiri kuteketezwa au kupelekwa nyaraka za taifa. "Define" inataka sentensi moja au mbili tu. "Outline" inataka hoja fupi fupi, na anayeandika insha hapo anajimalizia muda.

Binti_Cheyo
Naongezea upande wa sheria. Asome Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 kwa Kiingereza chake, asitegemee muhtasari wa Kiswahili peke yake. Aangalie sana "shall" na "may". Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema "may" ni hiari na "shall" ni lazima. Ukivichanganya, jibu zima linageuka.

Afungue daftari la safu mbili, Kiswahili cha ofisini huku na Kiingereza chake kule: masjala (registry), jalada (file), dokezo sabili (loose minute), muhtasari wa kikao (minutes), kukaimu (to act), kuazimwa (secondment). Maneno 10 kwa siku, na kila neno alitungie sentensi kwa mkono. Kukariri orodha bila sentensi hakusaidii, maana siku ya mtihani neno linakuja limevaa kitenzi.

Pia huku kwetu r na l zinatuponza hadi kwenye maandishi. "Correct revenue" badala ya "collect revenue" ni kosa la maana, si la tahajia tu. Na "he" na "she" zichungwe, kwa kuwa "yeye" yetu haitofautishi.

Kama ana ndugu Tabora, wanafunzi wa kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma wana madaftari ya masomo haya ya ofisi. Aombe anakili.

Mwana_Ujiji
Shukrani sana dada, na wewe mkuu. Akivuka mchujo, mahojiano je?

Masjala_Tabora
Ajizoeze kwa sauti, si kusoma kimya. Kujitambulisha kusizidi dakika moja: jina, elimu, kazi alizozifanya masjala. Kisha hatua za kufungua jalada jipya, kutoka kuhakikisha halipo lingine la somo hilo, kulipa namba na kichwa, hadi kuliingiza kwenye rejesta, kwa sentensi fupi zenye kitenzi kimoja kimoja. Asipoelewa swali aseme "Could you repeat the question, please?" Akikisia, anajibu kingine kabisa na paneli haina la kumpa alama. Wakimruhusu kuchagua lugha, achague moja na amalize nayo.

Vyeti halisi na kitambulisho asivisahau, na majina yawe yanalingana kote. Hilo alikague leo, kabla ya Kiingereza.