Chemsha bongo ya Marekani: nipeni maswali makali ya sarakasi, redio na minara

mdadisi_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Naandaa chemsha bongo kuhusu Marekani na sitaki yale ya rais wa kwanza nani au bendera ina nyota ngapi, hayo kila mtu anayo kichwani. Nataka burudani, sarakasi, redio za zamani na minara yao ya taifa. Kuna moja nimeiona kwamba jamaa aliwahi kuvusha tembo 21 kwenye daraja la New York, hii ni kweli au porojo za mtandaoni? Maana nikiuliza halafu ikawa uongo nitaumbuka mbele za watu.

Mama Sarakasi:
Ni kweli tupu. Ilikuwa Mei 17, 1884, daraja la Brooklyn Bridge, na mwenye tembo ni P. T. Barnum, yule tajiri wa sarakasi. Mwaka mmoja kabla daraja lilikuwa limefunguliwa, siku chache tu baadaye ukazuka uvumi kwamba linaanguka, watu wakakanyagana na 12 wakafa, sasa Barnum akaona hapo hapo pa kujitangazia bure, akawapitisha tembo na ngamia juu kwa juu daraja likatulia tuli. Yule mzee kwa matangazo hakuwa na mpinzani.

Ila swali la mtego ni hili: Jumbo, tembo wake maarufu aliyemnunua London 1882, alifia nchi gani? Wote watajibu Marekani. Alifia Kanada, St. Thomas, Ontario, aligongwa na treni Septemba 1885. Na hata alipokufa hakuachwa apumzike, ngozi ikajazwa ikasimamishwa, mifupa ikaunganishwa kivyake, vyote viwili vikazungushwa kwenye maonyesho watu wanalipa kiingilio! Ngozi ikaishia chuo cha Tufts, ikaungua na moto 1975, majivu wakayatia kwenye kopo la siagi ya karanga na hadi leo timu za chuo zinaitwa Jumbos.

sauti_ya_mawimbi:
Kwenye redio weka ile ya Oktoba 30, 1938, mwigizaji Orson Welles kapiga mchezo wa wavamizi kutoka sayari ya Mars kupitia redio ya CBS, umetengenezwa kama taarifa ya habari ya dharura, Marekani nzima ikakimbia majumbani.

Kipaza:
@sauti_ya_mawimbi nzima wapi bwana, hiyo chumvi ilitiwa na magazeti, yalikuwa na kinyongo na redio kwa kuwanyang'anya matangazo ya biashara. Kuna walioogopa kweli na simu zikapigwa polisi, lakini saa ile ile wasikilizaji wengi walikuwa redio nyingine, NBC, wanamsikiliza Edgar Bergen. Na hapo ndipo penye swali tamu mdadisi, Bergen alikuwa nani? Alikuwa mchekeshaji wa kuongea bila kuchezesha midomo, sauti ionekane inatoka kwa mwanasesere wake Charlie McCarthy. Kwenye REDIO jamani 😂😂 nani anamwona midomo? Na alipendwa miaka na miaka, maana Charlie alikuwa na mdomo mchafu kuliko mwenyewe, watu walimfuata mwanasesere wala si ufundi wa Bergen.

jiwe_kuu:
Minara: mnara wa Washington, wa mita 169, una rangi mbili, kwa nini? Walianza 1848, pesa zikakata 1854, kazi ikalala hadi 1879, waliporudi marumaru ikatoka machimbo mengine haikufanana. Ukiangalia picha msitari unauona kabisa.

Halafu Devils Tower kule Wyoming, ndiyo ya kwanza kabisa kutangazwa mnara wa taifa (kwao "national monument", yaani sehemu inayolindwa na serikali), 1906 na rais Theodore Roosevelt, na wala si sanamu wala jengo, ni jiwe la asili. Mwaka 1941 jamaa anaitwa George Hopkins aliruka na parachuti akatua juu kabisa, kamba aliyodondoshewa ya kushukia ikamkwepa, akakwama siku sita huku ndege inamrushia chakula na mablanketi mpaka wapanda milima wakamfuata. Uliza tu "alipandaje?" uone watakavyosema ngazi.

mdadisi_wa_usiku:
Nimecheka la mwanasesere peke yangu hapa. Asanteni sana. Mama Sarakasi, nikiuliza sarakasi ya Barnum ilifungwa lini, jibu 2017 si sawa?

Mama Sarakasi:
Utazua ugomvi mwanangu. Iliungana na ya ndugu wa Ringling 1919, ikafungwa Mei 2017 kweli, lakini ikarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Wewe uliza tembo waliacha kucheza lini, jibu Mei 2016, hapo hakuna wa kubisha.